Njoo na nukta sita: kwa wageni wa semina za algoriti, jiometria na grafu Nairobi

Mgeni wa semina za utafiti huwa hapotelei kwenye uthibitisho. Hupotea mapema, dakika ya 3 au ya 4, pale mtoa mada anapolitaja tatizo kwa sentensi moja na kusonga mbele. Sentensi hiyo ikikupita, dakika zote zinazobaki utakuwa ukitazama michoro mizuri usiyojua inajibu swali gani. Kwa hivyo lishike tatizo kabla ya kushika suluhisho, na ulishike kwa mfano mdogo uliouchora kwa mkono wako mwenyewe. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Juu ya karatasi yako andika mambo manne, na usiandike la tano kabla hayo hayajajaa. Kinachoingia ni nini? Kinachotakiwa kitoke ni nini? Gharama inahesabiwa kwa kitu gani: hatua, kumbukumbu, au mara ambazo nambari mbili zinalinganishwa? Na data imechaguliwa na nani: adui anayekutafutia hali mbaya kabisa, au bahati nasibu? Nafasi moja ikibaki tupu, hilo ndilo swali lako la kuuliza, tena liulize hapo hapo. Swali la maana ya neno haliudhi mtu. Pingamizi ndilo husubiri mwisho.

Tuchukue mada ambayo lazima utakutana nayo: ganda mbinuko. Umepewa nukta n kwenye bapa, unatakiwa kutoa poligoni ndogo kabisa isiyo na mbonyeo inayozizingira zote. Wazia misumari iliyopigiliwa ubaoni na utepe wa mpira ulionyoshwa kuizunguka yote kisha ukaachiliwa. Sasa chora nukta 6: (0,0), (4,0), (4,3), (0,3), (2,1) na (2,0). Ya tano iko ndani. Ya sita iko katikati ya ukingo wa chini, na ndiyo itakayokufundisha, kwa sababu hakuna aliyekuambia kama nukta iliyolala juu ya ukingo inahesabiwa kuwa kona. Idadi ya kona huitwa h. Je, hapa h ni 4 au 5? Watoa mada wengi hulimaliza jambo hili kwa maneno machache, kwamba wanachukulia hakuna nukta 3 zilizo kwenye mstari mmoja, kisha wanaendelea. Nukta zako 6 zimeshavunja sharti hilo.

Fuata njia ya Graham ya mwaka 1972 kwa nukta hizo hizo. Anzia (0,0), zipange nyingine kwa pembe, halafu uziweke moja moja kwenye mrundiko, yaani orodha ambayo kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza, ukikagua kama unakata kushoto. Ukaguzi huo ni fomula moja, na uijue kama unavyojua jina lako: kwa nukta a, b, c (mbili za juu ya mrundiko na ile inayoingia), kokotoa (bx − ax)(cy − ay) − (by − ay)(cx − ax). Jibu likiwa chanya unakata kushoto, likiwa hasi unakata kulia, likiwa sufuri zote tatu ziko kwenye mstari mmoja. Unaondoa nukta ya juu ya mrundiko kila jibu linapokuwa sufuri au hasi.

Shida iko hapa: (2,0) na (4,0) zina pembe ile ile. Ukitanguliza iliyo mbali, mrundiko unakuwa (0,0), (4,0). Inakuja (2,0), jibu ni sufuri, unaiondoa (4,0) na kuiweka (2,0). Kona halisi imekwenda hivyo na hairudi. Ukiendelea hadi mwisho utapata (0,0), (2,0), (4,3), (0,3), umbo lenye eneo 9, wakati mstatili wa kweli una eneo 12. Programu haikulalamika popote. Tanguliza iliyo karibu, na (2,0) ndiyo itakayoondolewa inavyostahili. Fanya hesabu hii kwa kalamu, usiisome tu. Inachukua dakika 10, na baada yake utakuwa unasikiliza semina ya ganda mbinuko kwa masikio mengine.

Nukta za mstari mmoja si jambo la nadra. Data ya jiji kama Nairobi imejaa ploti za mstatili zilizopangwa safu, nguzo za stima zilizonyooka kando ya barabara, na majengo yanayogawana ukuta. Sharti la kwamba nukta 3 hazilali pamoja ni zuri kwa uthibitisho, lakini data ya upimaji wa ardhi hulivunja kwenye faili ya kwanza. Ukisikia sharti hilo, andika pembeni: likivunjwa, ni jibu linaloharibika au ni muda tu unaoongezeka? Mtoa mada mzuri hufurahia sana swali hili.

Fomula ile ile ina mtego mwingine, wa ukubwa wa nambari. Namba kamili ya biti 32 haivuki 2,147,483,647. Tofauti ya 46,341 ikizidishwa kwa nyingine kama hiyo tayari imevuka. Ukihifadhi vipimo kwa sentimita, 46,341 ni mita 463 na kidogo, yaani ploti ya shule yenye uwanja wa mpira inatosha kuleta jibu lenye alama isiyo sahihi. Tumia biti 64: hapo viwianishi vikiwa kati ya −1,000,000,000 na 1,000,000,000, tofauti haizidi bilioni 2, zao moja halizidi 4 ikifuatwa na sufuri 18, na jibu zima halizidi 8 ikifuatwa na sufuri 18, chini ya kikomo, ambacho kwa kipimo hicho hicho ni takriban 9.22 badala ya 8. Kwa nambari za desimali hali ni tofauti. Mashine ikijumlisha 0.1 na 0.2 haipati 0.3 kamili, kwa hivyo sufuri ya kweli inaweza kutokea kama chanya kidogo au hasi kidogo, na algoriti ikaamua kulia mahali pa mstari ulionyooka. Shewchuk alichapisha mwaka 1997 njia ya kuongeza usahihi pale tu unapohitajika, na CGAL, maktaba ya programu za jiometria, inakuwezesha kuchagua ukokotoaji sahihi. Ukianza kuandika programu, usijitungie mbinu ya kulinganisha na 0.000001. Itafanya kazi kwenye faili tatu na kukuangusha kwenye ya nne.

Na kuna jambo la Nairobi hasa. Mji huu uko takriban nyuzi 1.3 kusini ya ikweta. Hapa nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 111, karibu sawa na ya latitudo, hivyo mtu akitumia nyuzi moja kwa moja kana kwamba ni mita za karatasi ya grafu, majibu yake yanatoka karibu sahihi. Anaridhika. Programu hiyo hiyo ikipelekwa London, nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 69, na kila umbali wa mashariki kwenda magharibi unakuwa umetiwa chumvi. Badilisha nyuzi ziwe mita kwanza. Kwa Nairobi tumia UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 kusini, ambamo katikati ya jiji huanguka karibu na mashariki 257,000 na kaskazini 9,857,000. Ukiona nambari za kaskazini ni hasi, umechukua kanda ya upande wa pili wa ikweta. Kosa hili ni rahisi katika nchi ambayo ikweta inaikata katikati.

Turudi ukumbini. Slaidi ya muda wa kukokotoa ikifika, usiandike herufi tu, uliza kila herufi inasimama badala ya nini. Kwa ganda mbinuko utaona n log n ya Graham, nh ya Jarvis ya mwaka 1973, na n log h ya Kirkpatrick na Seidel mwaka 1986, ambayo Chan aliifikia kwa njia nyepesi zaidi mwaka 1996. Sasa weka nambari. Nukta 1,000,000, ambapo log ya msingi wa 2 ni karibu 20. Ganda likiwa na kona 10, Jarvis ana kama hatua milioni 10 na Graham kama milioni 20, tukiacha vizidishi vilivyofichwa. Kona zikiwa 1,000, Jarvis anafika bilioni moja. Kwa hivyo hakuna aliye bora bila kujua h.

Mgeni pia huchanganyikiwa akisikia kwamba haiwezekani kushinda n log n, kisha dakika mbili baadaye n log h. Hakuna mgongano. Kikomo cha chini hutokana na kupanga nambari n, kazi ambayo kwa kulinganisha haishuki chini ya n log n: kila nambari x igeuze nukta (x, x²). Zote zinakaa kwenye parabola, zote ni kona, na ukizunguka ganda umezipanga. Hapo h ni sawa na n.

Upande wa grafu, mfano wa kubeba mfukoni tayari unaujua: matatu. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na MIT pamoja na wengine, ulikusanya njia na steji za jiji na kuchapisha ramani na data mwaka 2014, kwa hivyo si mfano wa kubuni. Lakini kabla hujakimbilia algoriti ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi, jiulize nodi (kituo cha grafu) ni nini na ukingo (kiungo cha nodi mbili) ni nini. Ukifanya kila steji kuwa nodi moja, umesema kimyakimya kwamba kushuka kwenye 46 na kupanda 111 hakuchukui muda wowote. Kila anayesafiri saa 12 jioni anajua hilo si kweli. Tengeneza nodi kwa kila jozi ya steji na njia, kisha uweke ukingo wa kubadilisha gari wenye uzito wa dakika za kusubiri.

Nauli ina ugumu wake. Tuseme mjini hadi Bomas ni shilingi 60, Bomas hadi Rongai ni 50, lakini mjini hadi Rongai bila kushuka ni 80. Ukiweka kingo za steji kwa steji na kujumlisha, utapata 110, bei ambayo abiria wa matatu ya njia ya 125 asiyeshuka njiani halipi. Algoriti haijakosea. Grafu ndiyo iliyokosea. Dawa ni kuweka ukingo kutoka kila steji hadi kila steji iliyo mbele yake kwenye njia hiyo, wenye nauli kamili. Steji 30 zinakupa kingo 30 × 29 ÷ 2, yaani 435 kwa mwelekeo mmoja. Grafu imenenepa, lakini sasa jibu ni la kweli. Kwa maoni yetu nusu ya kazi ya nadharia ya grafu inayotumika iko hapa, katika kuchagua nodi na kingo, na semina nyingi huipitia kwa sekunde 30.

Dijkstra mwenyewe, aliyechapisha mwaka 1959, anataka uzito usiwe hasi. Kariri mfano wa nodi 3: A kwenda B ni 2, A kwenda C ni 3, C kwenda B ni −2. Anaifunga B kwa 2, wakati njia kupitia C ni 1.

Mwaka 2025 watafiti watano, Duan na wenzake, walionyesha njia fupi kabisa kwenye grafu yenye mwelekeo kwa muda wa m log n, n ikiwa idadi ya nodi na m ya kingo, ambapo log hiyo imepandishwa kwa kipeo cha 2/3. Utasikia ikielezwa kuwa imevuka kizuizi cha kupanga. Maana yake ni kwamba Dijkstra huzifunga nodi kwa utaratibu wa umbali, kwa hivyo analazimika kuzipanga, na wao wamepata umbali bila kulipia mpangilio wote. Matokeo makubwa haya, na yanastahili kusikilizwa kwa makini. Lakini weka nambari kama kawaida: n ikiwa milioni 1 na m milioni 3, fomula ya Dijkstra kama alivyoboreshwa na Fredman na Tarjan, m + n log n, inatoa kama milioni 23. Fomula mpya, 3 mara 7.4, inatoa kama milioni 22. Ukizingatia vizidishi visivyoandikwa, hiyo si sababu ya kutupa programu yako. Thamani yake iko katika kile inachotuambia kuhusu tatizo.

Kwa grafu bapa, zinazochorwa bila kingo kukatana, beba kipimo kimoja: nodi zikiwa 3 au zaidi, kingo hazizidi 3n − 6. Nodi 5 zilizoungana zote zina kingo 10, kikomo ni 9, basi haziwezekani. Kipimo hiki hukataa tu, hakikubali. Nyumba 3 zilizounganishwa na visima 3 zina kingo 9, kikomo ni 12, zinapita, na bado hazichoreki.

Uthibitisho unaokaa vizuri machoni si lazima uwe sahihi. Kempe alichapisha uthibitisho kwamba rangi 4 zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana mwaka 1879, ukakubalika, na Heawood akaonyesha pengo lake mwaka 1890. Miaka 11. Jibu lenyewe lilisubiri Appel na Haken, kwa msaada wa kompyuta, mwaka 1976. Kwa hivyo usione haya kuujaribu uthibitisho wa slaidi kwa grafu ya nodi 4 au 5 ukiwa kitini.

Kosa utakaloliona zaidi, kwenye kazi za wanafunzi na wakati mwingine kwenye slaidi, ni la hoja ya hatua kwa hatua. Mtu anadai kwamba kila grafu ambayo kila nodi ina angalau ukingo mmoja imeungana yote. Anachukua grafu ya nodi n iliyoungana, anaongeza nodi moja yenye ukingo, inabaki imeungana, anafunga. Chora nodi 4 zenye kingo 2 zisizogusana: dai limekufa. Hakukosea hesabu. Kosa ni kwamba grafu hiyo haipatikani kwa kuongeza nodi kwenye grafu inayotimiza sharti. Anza kila mara na grafu yoyote ya nodi n + 1, kisha uondoe nodi, halafu ukague kama iliyobaki bado inatimiza sharti. Ukiondoa nodi moja kati ya zile 4, inabaki moja pweke, na hoja inavunjika mbele ya macho yako kabla haijakudanganya.

Maandalizi yasikuchukue zaidi ya saa moja. Pata makala siku moja kabla na uyapakue kabisa, maana intaneti ya ukumbini ikigawanywa kwa watu 40 haitakungoja. Makala ya SoCG, kongamano la jiometria ya kukokotoa linalofanyika kila mwaka tangu 1985, yako wazi bila malipo katika mfululizo wa LIPIcs kuanzia 2015. Mengine mengi yako arXiv, hazina ya makala ya mtandaoni, chini ya cs.CG, cs.DS na math.CO. Soma muhtasari, tamko la matokeo makuu, na mchoro wa kwanza. Uthibitisho uache. Kisha jaribu kulieleza tatizo kwa Kiswahili, kwa mtu aliyeishia hesabu za kidato cha nne. Semina zenyewe kwa kawaida ni za Kiingereza, na neno la Kiingereza lililokaririwa huficha vizuri sana kwamba hujaelewa.

Semina za mtandaoni zina kero ya saa. Nairobi iko UTC+3 mwaka mzima, wenzetu wa Ulaya na Marekani hubadilisha. Berlin iko nyuma yetu kwa saa 1 kiangazi na saa 2 majira ya baridi, New York kwa 7 na 8. Tangazo likisema 14:00 UTC, ni saa 11 jioni yetu. Liandike kwenye kalenda ya simu kwa UTC, usihesabu kichwani, hasa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa Marekani na Ulaya hazibadilishi wiki moja.

Siku ya wewe kusimama itafika haraka kuliko unavyodhani. Kwa dakika 25, slaidi 12 ni nyingi za kutosha. Tano za kwanza ni za tatizo na mfano wako wa nukta 6 au 7. Usichore nukta 30, hakuna anayeweza kuzifuata. Chagua uthibitisho mmoja na uutoe kikamilifu, mengine yataje tu. Msimbo wa mistari 30 usiuweke kabisa, hausomeki kutoka safu ya tatu. Manjano na kijani hafifu hupotea kwenye projekta chumba kikiwa na mwanga wa mchana, na kuna wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hivyo nukta za aina mbili zitofautishe kwa umbo pia: duara tupu na mraba uliojazwa. Hatua za algoriti zionyeshe kama kurasa zinazofuatana za PDF, kwa sababu video iliyopachikwa hugoma kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Iwe pia kwenye flashi. Beba kigeuzi cha HDMI kwenda VGA na kalamu zako mbili za ubao mweupe, maana za ukumbini huwa zimekauka.

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, ukishika saa. Kusoma kimya hukudanganya kwa dakika nyingi. Kisha fanya zoezi moja bila slaidi, kwenye ubao, kwa mfano wako tu. Stima ikipotea dakika ya 8 utaendelea bila kutetemeka.

Ukiulizwa usilolijua, mshukuru Profesa au Daktari aliyeuliza, rudia swali kwa maneno yako ili ukumbi mzima usikie, na useme waziwazi kwamba hujui. Kisha jaribu swali hilo papo hapo kwenye nukta zako 6. Mara nyingi jibu la nusu hutokea hapo, na aliyeuliza huja ubaoni kulimalizia. Jioni hiyo hiyo, kabla hujalala, liandike swali, jina la aliyeuliza na mlipofika, na wiki isiyoisha umpelekee barua pepe ya mistari mitano yenye mfano mdogo kabisa uliokukwamisha.